Mapatano na Dalali Unapouza Nyumba

(Mazungumzo yaliyotolewa na mhitimu wa mwaka 1979 mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi)



Kamati ya maandalizi iliponiandikia, ilipendekeza nizungumzie maisha baada ya kustaafu. Nilijibu kwamba maisha hayo nimeyaanza juzi tu, tangu 2020, na sijayajua vizuri. Lakini lipo jambo moja nililojifunza kwa gharama kubwa, nami ningependa kulisema mbele ya watu tuliofundishwa pamoja hesabu za asilimia katika darasa lile pale, lenye dirisha lisilofungika hata leo. (Kicheko.) Jambo lenyewe ni dalali wa nyumba, na fungu analochukua.

Vijana mnaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wazee wenye nyumba. Sivyo. Mkishamaliza hapa, wengi wenu mtakwenda Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam, na kitu cha kwanza mtakachotafuta ni chumba cha kupanga. Mtu wa kwanza kukupokea kwa tabasamu atakuwa dalali. Atataka pesa ya kukuonyesha vyumba, iwe umekipenda chumba au hukukipenda, na ukikipata atataka ujira sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo hata ninyi yanawahusu.

Sisi tulioingia hapa mwaka 1976 hatukumjua dalali wa nyumba. Tulimjua yule wa mnadani tu, na mpaka leo dalali wa mnada ana sheria yake ya leseni, tofauti na huyu wa nyumba. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, maana yake mtu anayeonyesha. Ni ndugu wa neno dalili. Wa nyumba hakuwapo kwa sababu kazi haikuwapo. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ardhi nayo ilikuwa mali ya umma, kama ilivyo hadi leo, na mtu aliyeuza alihesabiwa kuwa ameuza maendelezo tu, yaani nyumba, kisima na miti aliyoipanda. Nyumba ilimwendea jirani au ndugu, bei ikapatanwa chini ya mti. Ni Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, na baada yake Sheria ya Ardhi ya 1999, zilizokiri kwamba hata ardhi tupu ina thamani yake. Tangu hapo mtu wa katikati amepata kazi, nami simlaumu kwa kuifanya.

Sasa nieleze yaliyonipata.

Marehemu baba yetu aliacha nyumba moja pale Majengo, Singida mjini, ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na uwanja wa nyuma wenye mwarobaini. Warithi tulikuwa watano. Mahakama ya Mwanzo ilinithibitisha mimi kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ni mkubwa na, kama ndugu zangu walivyosema siku ile, "yeye ni mtu wa hesabu". Maana kazi yangu ilikuwa ukarani wa hesabu, na baadaye uhasibu, miaka yote ya utumishi wangu. Likumbukeni hilo, ndipo mtacheka vizuri zaidi.

Mwaka 2014 tuliamua kuiuza. Nikaletewa dalali mmoja, simtaji. Alikuja amevaa vizuri, akaizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa vidole kama daktari, akaniuliza, "Mzee, wewe unataka ngapi mkononi?"

Nami, mtu wa hesabu, nikajibu, "Nataka milioni 38 mkononi, baada ya kukutoa wewe."

Akasema, "Basi hakuna tabu. Tutaandika milioni 40. Asilimia 5 yangu ni milioni 2. Zako 38 ziko palepale." Nikaona mtu huyu anajua kazi. Hatukuandika kitu. Baada ya majuma matatu mnunuzi akapatikana, mkataba ukaandikwa wa milioni 40, fedha zikaingia benki, dalali nikampa milioni 2 zake, nikagawa 38 mafungu matano, kila mrithi akapata 7,600,000. Nikapeleka hesabu mahakamani. Nikalala usingizi.

Haikupita miezi miwili. Dada yangu anayenifuata alikwenda kusaga mahindi. Mashineni, kama mjuavyo, foleni ikiwa ndefu watu huzungumza. Mama mmoja akawa anasimulia kwamba wamehamia nyumba mpya pale Majengo, nzuri, ila mumewe ameinunua ghali, milioni 46. Dada yangu akamwuliza ni nyumba ipi. Yule mama akamweleza, hata na mwarobaini akautaja.

Dada aliacha debe lake la mahindi pale mashineni, akaja kwangu kwa miguu. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni akasema, "Kaka, milioni 6 ziko wapi?"

Ndugu zangu, nimekaguliwa na wakaguzi wa kila namna katika utumishi wangu, sijapata kuulizwa swali zito kama lile. Nilikuwa sijui. Na mtu asiyejua, anapoulizwa na mwenye uhakika, hufanana sana na mwizi. Nilikwenda chumbani nikatoa mkataba, nikamwonyesha: milioni 40. Akautazama, akasema, "Karatasi umeandika wewe." Akaondoka. Miaka miwili hakula chakula nyumbani kwangu. Tulipokutana msibani alinisalimu kama mtu anavyomsalimu mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa mwingine.

Mwaka 2016 wazee wa ukoo walituita wote, na mnunuzi akakubali kuja. Ndipo tulipopata habari kamili. Dalali alimwambia bei ni milioni 46, ila mwenye nyumba, yaani mimi, ati hapendi milioni 6 zionekane katika mkataba kwa ajili ya kodi. Kwa hiyo azitoe taslimu, apewe dalali azifikishe. Yule bwana alikubali, na kwa kuwa alijiona ameshiriki katika kuficha kodi, akafunga mdomo. Ndiyo werevu wa mpango ule: kila upande ulikuwa na sababu ya kutomwuliza mwenzake.

Dalali naye akaitwa. Alikuja bila wasiwasi. Akasema maneno ambayo mpaka leo sijayapatia jibu zuri: "Mzee aliniambia anataka 38 mkononi. Alipata 38 mkononi. Mimi nimemkosea wapi?"

Hebu tufanye hesabu, na vijana mnifuate. Mtu yule alichukua milioni 2 kwa mkono wangu na milioni 6 kwa mkono wa mnunuzi, jumla milioni 8 katika nyumba ya milioni 46. Hiyo ni zaidi ya asilimia 17. Kwa asilimia 5 tuliyopatana, katika bei ya kweli, angepata 2,300,000, na warithi wangegawana 43,700,000, yaani kila mmoja 8,740,000. Kila mmoja wetu alipungukiwa 1,140,000. Na mimi nilikuwa nimejisifu nyumbani kwamba nimempunguza dalali kutoka asilimia 10 hadi 5! Nilipigania asilimia iliyokuwa mezani, na iliyokuwa chini ya meza sikuiona. Biashara hiyo wenyewe wanaiita "cha juu", na mlango wake ni neno moja dogo: mkononi. Mwenye nyumba akishasema anataka kiasi fulani mkononi, amemwambia dalali kwamba kinachozidi hapo hana haja ya kukijua.

Tulikwenda kwa wakili. Alitueleza vizuri. Nchini mwetu hakuna sheria inayopanga asilimia ya dalali wa nyumba. Ile 5 au 10 mnayoisikia ni mazoea ya mitaani, na mazoea hupatanwa. Lakini dalali unapomtuma kazi anakuwa wakala wako, na uwakala umo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo vifungu vyake vingi vimefuata sheria ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo inasema wakala akijifanyia biashara yake ndani ya biashara yako bila wewe kujua, faida aliyoipata unaweza kuidai. Na wakala aliyefanya utovu katika kazi yako hana haki ya ujira kwa sehemu hiyo ya kazi. Kwa hiyo haki tulikuwa nayo. Wakili akauliza, "Makubaliano yenu na dalali yako wapi?" Hatuna. "Mnunuzi atakubali kusimama mahakamani aseme alitoa taslimu nje ya mkataba ili kodi isionekane?" Yule bwana akatazama viatu vyake. Tukarudi nyumbani.

Dada yangu siku ile alisema mbele ya wazee, "Kaka, nimekusikia. Lakini bei ungeiweka mezani mbele yetu sote tangu mwanzo, nisingeisikia mashineni." Chakula alianza tena kula kwangu, ila polepole.

Ya pili ni nafuu kidogo. Mwaka 2021, baada ya kustaafu, niliamua kuuza nyumba yangu ya Mandewa nikajenge ndogo kijijini, upande wa Ikungi, na kununua mashine ya kukamua alizeti. Safari hii dalali nilimtafuta mwenyewe, na nilimpata kwa mwenzetu. Ni mhitimu wa hapa, tulilala bweni moja, mimi kitanda cha chini na yeye cha juu. (Kicheko.) Naam, tangu wakati ule alikuwa wa cha juu. Amenipa ruhusa niyaseme haya, almuradi nisimtaje jina; nanyi mkimtazama anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote mtamjua.

Nilimwambia habari ya nyumba ya baba. Alisikiliza, kisha akasema, "Sasa nisikilize na mimi. Kati ya watu ishirini ninaowatembeza juani, anayenunua ni mmoja. Na huyo mmoja, mwenye nyumba akishaipata namba yake ya simu, wananiruka. Nikienda kudai naambiwa, wewe umefanya nini zaidi ya kuonyesha mlango? Ndiyo maana wengine huchukua chao mapema, tena kwa siri." Sikulijua hilo. Mimi nilidhani wizi katika biashara ile unatoka upande mmoja.

Alianza kwa kudai asilimia 10. Nikamwambia hiyo ni ya viwanja vidogo. Akakubali: kiwanja cha milioni 3 kinampa laki 3, na safari anazokwenda ni zilezile za nyumba kubwa, lakini kwa nyumba ya makumi ya milioni, 10 ni nyingi. Nikataja 3. Akasema, "Kwa 3 utampata dalali atakayebandika tangazo kwenye nguzo akasubiri." Tulikaa juu ya hilo mchana mzima, mke wangu akatuletea chai mara mbili.

Nilichoogopa mimi hakikuwa ukubwa wa asilimia. Nilikuwa nimekwisha kufanya hesabu usiku. Nilitaka nyumba itangazwe kwa milioni 70, na nilijua 60 zitapatikana upesi. Kwa asilimia 5, dalali akiuza 60 anapata milioni 3. Akihangaika miezi miwili zaidi akauza 66, anapata 3,300,000. Kwangu mimi tofauti ni karibu milioni 6. Kwake yeye ni laki 3 kwa miezi miwili ya jua. Ningekuwa yeye ningemshauri mwenye nyumba achukue 60 leo. Si kwa ubaya wa moyo. Ndivyo hesabu inavyomsukuma. Watafiti wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, waliwahi kupima jambo hili katika mauzo ya nyumba karibu 100,000 ya eneo la Chicago, wakatoa matokeo yao mwaka 2008. Waliona kwamba madalali walipouza nyumba zao wenyewe, waliziacha sokoni siku tisa na nusu zaidi kuliko za wateja, na walipata bei iliyozidi kwa asilimia 3.7. Basi Chicago na Mandewa ni mamoja.

Kwa hiyo nilimwambia mwenzangu: tuigawe. Hadi milioni 60 nitakupa asilimia 4. Kila shilingi inayozidi hapo nitakupa asilimia 10 yake, lakini iwe shilingi ninayoiona kwa macho. Alitazama juu, akahesabu kwa midomo kama alivyokuwa akifanya darasani, akasema, "Hapo tumeelewana."

Tukaiandika katika karatasi ya daftari, nakala mbili, mke wangu na mwanawe wakashuhudia. Tuliandika kwamba ujira unahesabiwa katika bei iliyomo ndani ya mkataba wa mauzo, na kwamba mnunuzi na mimi tutaonana uso kwa uso kabla ya bei kukubaliwa. Kwamba hapokei kitu chochote kutoka kwa mnunuzi ila kwa kunijulisha. Kwamba analipwa fedha zinapoingia, na zikiingia kwa awamu naye analipwa kwa awamu. Kwamba akija mnunuzi na dalali wake mwingine, hao wawili watagawana fungu lilelile. Maana nimeona nyumba moja ikidaiwa na madalali wanne, kila mmoja akidai ndiye aliyemleta mtu. Kwa ajili hiyo kila mteja aliyemleta alimwandika jina na tarehe nyuma ya karatasi, nami nikatia sahihi. Muda ulikuwa miezi mitatu. Ikiwa mimi mwenyewe nitampata mnunuzi ambaye hamo katika orodha, hapati asilimia, ila nitamrudishia gharama za kuzungukia, shilingi 200,000. Hilo la mwisho alilidai yeye, na nilikiri kwamba ni haki.

Mnaona kwamba hakuna maneno ya kisheria hapo. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Wa dalali hakuna anayekulazimisha kuuandika, na ndiyo maana watu hawauandiki. Nasi tuliuandika kabla hajamleta mtu hata mmoja, na siku ile ndiyo iliyofaa. Siku mnunuzi amekwisha kukaa sebuleni, dalali akikwambia fungu lake ni hili, utamjibu nini? Na dalali vilevile: siku mnunuzi amekwisha kupewa funguo, mwenye nyumba akimwambia "nitakufikiria", atakwenda wapi?

Mwezi wa pili alikuja mtu na milioni 60. Mwenzangu huyohuyo ndiye aliyesema, "Tusubiri." Muda wetu ukaisha, tukauongeza. Mwezi wa nne akapatikana mtu wa 66.

Hapa lipo ambalo nilitaka kuliruka, lakini nimeahidi kusema yote. Siku mbili kabla ya kuandikiana, mnunuzi alinipigia simu usiku. "Mzee, huyu dalali wa nini tena? Mimi nikupe 65 moja kwa moja, yeye tumwache pembeni." Nikakata simu, nikachukua kalamu. Kwa karatasi yetu, katika 66 mwenzangu alikuwa achukue 2,400,000 za kwanza na 600,000 za nyongeza, jumla milioni 3, nami nibaki na 63. Kwa njia ya mnunuzi ningebaki na 65. Milioni 2 ni mabati, na mbao, na labda hata ujira wa fundi. Wala sikuikataa palepale. Nilikaa na hesabu ile siku nzima, nikajiambia kwamba nami niliwahi kuibiwa na dalali, basi hii ni kama kurudishiwa. Jioni nikamwambia mke wangu. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza, "Na dada yako akikuuliza umeuza ngapi, utasema 66 au 65?"

Nikampigia mwenzangu simu, nikamweleza. Alinyamaza kwa muda. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha kitanda cha juu. "Bwana huyo amenipigia na mimi juzi," akasema. "Alitaka nikushushe hadi 62, anipe laki 8 pembeni." Vijana fanyeni hesabu: katika 62 fungu lake lingekuwa 2,600,000, na laki 8, jumla 3,400,000. Angepata laki 4 zaidi, nami ningepoteza karibu milioni 4.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia juzi. Akajibu, "Nilikuwa nangoja nione kama wewe utaniambia."

Tulimwuzia mtu huyohuyo, kwa 66. Hakuona haya hata kidogo. Alikuja na soda. Alilipa benki kwa awamu mbili, mwenzangu naye nikampa milioni moja na nusu mara mbili, akanitilia sahihi kwamba amepokea. Sahihi hiyo si ya urafiki tu. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, faida ya kuuza nyumba huhesabiwa baada ya kutoa gharama za kuuza, na ujira wa dalali ni gharama ya kuuza. Lakini gharama isiyo na ushahidi ni hadithi tu mbele ya ofisa wa kodi. Cha juu hakina risiti.

Wapo wanaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini, ati huko kwa wenzetu kila kitu kimepangwa. Majirani zetu Kenya, ni kweli, wana sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980. Lakini tazameni Marekani. Huko kwa miaka mingi mwenye nyumba alilipa asilimia 5 hadi 6, ikagawanywa kati ya dalali wake na dalali wa mnunuzi, na watu wakadhani kiwango hicho kimeshuka kutoka mbinguni. Oktoba 2023 baraza la mahakama katika jimbo la Missouri liliamua kwamba chama cha taifa cha madalali na makampuni kadhaa walikula njama kukishikilia. Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza mashauri hayo, na tangu tarehe 17 Agosti 2024 dalali wa mnunuzi aliye katika utaratibu wao hana ruhusa ya kumtembeza mnunuzi ndani ya nyumba kabla ya wawili hao kuandikiana ujira wake ni kiasi gani. Niliposoma habari hizo nilimpelekea mwenzangu. Akaniambia, "Waambie sisi tulianza na karatasi ya daftari 2021." (Makofi.)

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa, nami namaliza.

Dada yangu ana kiwanja chake Manyoni, alikinunua kwa fungu la nyumba ya baba, zile 7,600,000 na akiba yake mwenyewe. Sasa anataka kukiuza. Juma lililopita alikuja nyumbani, akala, kisha akatoa daftari mkobani. Ukurasa wa kwanza ameandika bei anayoitaka, na neno "mkononi" halimo. Ukurasa wa pili ameandika majina ya madalali watatu, na mbele ya kila mmoja asilimia anayodai: 10, 10 na 7. Ukurasa wa tatu ni mtupu, ila chini kabisa amekwisha kupiga mistari miwili ya sahihi, ya kwake na ya dalali, na mstari wa tatu mfupi wa shahidi. Nikamwuliza shahidi ni nani.

Akasema, "Wewe, lakini utakaa kimya."

Basi la Manyoni linaondoka kesho saa 12 asubuhi, kwa hiyo wahitimu wenzangu mtaniwia radhi nisipokesha nanyi katika dansi ya leo.